Kazi Zilizofungwa Jikoni

Habari kwamba Mrefu anakaribia kuvuliwa uongozi iliingia jikoni kwake kabla haijamfikia mwenyewe. Yeye wakati huo alikuwa amejikunja chini ya tangi la watu, tochi mdomoni, simu ameiacha ndani ya begi la vifaa kama kawaida yake. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Sindano kwa ajili ya cherehani yake, alikuwa anakata kola ya shati la mteja huku jicho moja liko kwenye tableti aliyoiegemeza kwenye birika.

Tableti yenyewe ilikuwa mali ya kampuni. Kampuni hiyo hufunga na kutengeneza pampu za maji, na tangu Meneja mpya alipoleta programu yake, kila hatua ya kila fundi huandikwa papo hapo kwenye ukurasa mmoja unaoitwa Shughuli, na wote wanausoma: fulani amefika, fulani ameanza, fulani ameweka picha, fulani amefunga kazi. Mwanzoni mafundi walipewa tableti. Zikawa zinavunjika ovyo, wakabadilishiwa wakapewa simu. Ya Mrefu haikuvunjika, na hakuna aliyekumbuka kuidai. Ikabaki nyumbani, jina lake likiwa bado limo ndani.

Basi Mama Sindano akaifanya redio yake. Jamani, mwanamke yule alijivunia mume. Akiona "Mrefu amefika" anamsomea binti yake kwa sauti ya mtangazaji. Wateja wakija kupima nguo wanasomewa. Wifi yake, dada wa Mrefu, anayekaa nyumba ya pili, anasomewa hata asipotaka. "Kiongozi wa Kikosi cha Pili ameanza kazi," atasema akikata uzi kwa meno, na hilo neno kiongozi atalivuta kidogo kabla ya kuendelea. Wifi alikuwa ameshachoka. "Sisi kwetu kaka alikuwa kiongozi tangu anatambaa," humjibu.

Asubuhi hiyo Meneja aliandika hivi, na akaandika pale pale kwenye Shughuli, mbele ya kampuni nzima:

"Mrefu, una kazi nne wazi. Kikosi cha Kwanza hakina hata moja. Uje ofisini saa sita na maelezo. Zikiwa bado wazi, vikosi vyote viwili namkabidhi Chapchap."

Chini yake mtu alikuwa ameshaweka kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Na Chapchap, kijana kiongozi wa Kikosi cha Kwanza, alikuwa ameandika, "Nimepata, Meneja," ingawa si yeye aliyeandikiwa.

"Kaka kaandikwa nini?" akauliza wifi. Alikuwa amekuja kuchukua gauni lake, naye amesimama nyuma ya kiti.

"Mambo ya ofisi."

"Mbona leo husomi kwa sauti?"

Mama Sindano akaigeuza tableti kifudifudi. "Gauni lako pindo bado. Pitia jioni."

"Jana uliniambia tayari."

"Jana nilikosea."

Wifi akatoka amebana midomo, na Mama Sindano akajua kwamba ameona kila kitu. Macho ya wifi hayakuwa na kasoro.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua vizuri kwa nini zile kazi ziko wazi. Kikosi cha Mrefu kina desturi yake moja ambayo hakuna aliyewafundisha: hawafungi kazi siku ileile. Wakimaliza wanaondoka, usiku unapita, kesho yake mmoja wao anarudi kwa mteja, anaweka kiganja juu ya pampu, anasikiliza, anapitisha kidole kwenye kila kiungo, ndipo anabonyeza Imekamilika. "Pampu ikimwona fundi inajitia adabu," Mrefu humwambia mkewe. "Mimi nataka kujua ikibaki na wenyewe inafanyaje." Kikosi cha Chapchap hufunga wakiwa bado wanafuta mikono. Ukisoma Shughuli, Chapchap ni moto wa kuotea mbali, na Mrefu ni mtu aliyelala.

Mwenyewe Mrefu hilo halikumnyima usingizi. Lilimnyima mkewe.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Yuko chini ya tangi," alisema binti yao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo na amepewa vifungo vya kushona. "Hawezi kusikia."

"Saa sita si mbali."

"Atakwenda atajieleza, mama."

"Baba yako? Baba yako akiulizwa neno na mkubwa anaanza kukagua viatu vyake." Binti akacheka kidogo, maana ni kweli. "Na kazi zenyewe zimeisha. Ya duka la mikate imeisha, ya ghorofa imeisha, ya kwa mwalimu imeisha. Kaniambia mwenyewe. Kilichobaki ni kwenda kushika tu."

"Na ya zahanati?"

Mama Sindano akaigeuza tableti, uso juu. Ya zahanati Mrefu alikuwa ameitaja asubuhi ileile akifunga kamba za viatu: mabomba yameunganishwa jana jioni, gundi ni ya aina inayochelewa kukauka, maji yasipite humo mpaka kesho. Alisema hivyo bila kuulizwa, kama anavyosema kila kitu cha kazi yake, kwa sababu nyumbani kuna mtu anayependa kusikiliza.

"Meneja kasema nne," alisema Mama Sindano.

"Mama, achana nayo hiyo."

"Nionyeshe pa kubonyeza."

"Sikuonyeshi."

Hakuonyeshwa. Akapatafuta mwenyewe na akapaona, maana programu ilitengenezwa ili hata mtu mwenye grisi vidoleni asipotee. Akabonyeza ya duka. Akabonyeza ya ghorofa. Akabonyeza ya mwalimu. Ilipofika ya zahanati kidole kikasimama hewani. Tatu hazikutosha. Alimwona Mrefu wake, urefu wote ule, ameinamisha kichwa mbele ya kijana wa juzi, halafu wote wanatoka nje wanacheka. Roho yake ikaikataa aibu hiyo. Akabonyeza.

Maneno yakatokea, moja chini ya jingine: Mrefu amefunga kazi, Mrefu amefunga kazi, Mrefu amefunga kazi, Mrefu amefunga kazi. Na saa sita na kitu Meneja akaandika, tena kwa wote: "Hongera, Mrefu. Ukitaka unaweza."

Mama Sindano alifungua dirisha akamwita wifi yake, akamsomea neno kwa neno, mara mbili. Kifua kilimjaa. Binti aliendelea na vifungo vyake bila kuinua macho.

Kitu kimoja hakukijua yule mama, na asingeweza kukijua, kwa sababu hakikuandikwa kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma. Fundi akifunga kazi, programu humtumia mteja ujumbe hapo hapo: maji yako tayari, fungua utumie.

*

Mrefu alirudi mchana, jambo asilolifanya siku za kazi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Hakukaa.

"Tableti iko wapi?"

Mkewe akampa. Binti akajitia ana kazi uani.

"Nilipotoka chini ya tangi nikausoma wito, nikaenda nikakaa mbele ya Meneja," Mrefu alisema polepole. "Mikono yangu iko juu ya magoti, hivi. Ukutani ana skrini kubwa, naye amenipa kisogo anaitazama. Naona jina langu linafunga kazi. Moja. Nyingine. Nikaitazama mikono yangu."

Siku nyingine wangecheka pamoja mpaka walie.

"Meneja akasimama akanipa mkono. Nikataka kumwambia. Sijafungua mdomo, simu ikalia. Zahanati."

Akaeleza yaliyobaki kwa maneno machache. Mhudumu wa zahanati alipata ujumbe akafurahi, maana wiki nzima wamebeba maji kwa ndoo. Akafungua koki yote. Kiungo kilichokuwa bado kibichi kikaachia, maji yakaingia wodi ya wazazi. Mrefu alipofika alikuta magodoro mawili yameloa chapachapa, na mama mmoja amepanda juu ya kitanda, amekumbatia kichanga chake, anatazama sakafu. Akafunga maji, akaomba tambara, akakausha sakafu pamoja na wakunga mpaka ikakauka.

"Kichanga?" Mama Sindano aliuliza.

"Mzima. Alikuwa kalala muda wote."

Hapo akakaa juu ya rundo la mashati ya watu. "Meneja anasemaje?"

"Kaandika sasa hivi kwenye Shughuli kuwa kosa ni la Bwana Gundi. Kaunganisha vibaya. Mimi nibaki kiongozi, kwa kuwa nimefunga kazi zangu kwa wakati. Gundi akae nyumbani bila mshahara mpaka wamchunguze."

Bwana Gundi ni yule mzee wa kikosi anayeunganisha mabomba, ndiye aliyemshika Mrefu mkono na kumtia kwenye kazi hii. Hakuna kiungo chake kilichowahi kuachia. Mama Sindano alimshonea suruali tangu nywele zake ziko nyeusi.

"Hukuwaambia kuwa ni mimi?"

"Kesho nitawaambia ni mimi. Jina ni langu. Kidole ni cha nani, hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Kaa nalo."

"Silali nalo."

"Mke wangu," alisema Mrefu, na hapo ndipo akavuta kiti, "unataka nikuanike mbele ya wale vijana? Wameweka vikatuni vya kucheka kwa kazi kukawia tu. Hili je?"

"Hukunioa unisitiri kwa uongo."

Mrefu alivua kiatu kimoja akakamua soksi ndani ya ndoo. Alikamua muda mrefu kuliko soksi ilivyohitaji.

"Ulidhani nitashindwa kujieleza," alisema.

Angeweza kukana. "Ndiyo," alisema.

"Huenda ningeshindwa. Lakini ningeshindwa kwa kazi yangu mwenyewe. Kila kitu pale kingekuwa kweli. Wangenivua uongozi nikarudi hapa nikala, nikalala usingizi." Alivua na cha pili. "Hongera ya leo, nimeipokea kwa mkono huu. Sijawahi kupokea kitu kikaniwasha namna ile."

Mama Sindano alilia, na si kilio cha kuonewa huruma. Alijua mtu anayemlilia ni mtu mzuri, na kwamba yeye, kwa kumpenda, alikuwa ameshika jina lake safi, ambalo mtu yule hana lingine, akalichezea.

*

Asubuhi alivaa gauni lake la bluu, lile aliloshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akajifunga kitambaa kichwani. Mrefu alipomwona mlangoni hakuuliza anakwenda wapi. "Si lazima," alisema tu.

"Najua si lazima."

Walitembea pamoja mpaka karakana. Ilikuwa banda refu la mabati, mabomba yamepangwa ukutani kwa unene, harufu ya grisi na chuma kilichosagwa. Mafundi wa vikosi vyote viwili walikuwa wamesimama wakingojea kupangiwa kazi. Bwana Gundi alikuwa mlangoni na mfuko wa vifaa vyake vya binafsi, alikuja kuvichukua. Meneja, mtu wa makamo, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi sawasawa, alikuwa chini ya skrini yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pampu nyingi kuliko mafundi, na ule ukurasa ndio uliomwezesha kulala usiku.

"Karibu, mama," alisema. "Lakini sasa hivi tuna kikao cha kazi."

"Ndicho nilichokijia."

"Mama, haya ni mambo ya kampuni."

"Na mimi niliyaingilia bila kubisha hodi. Ndiyo maana leo nimebisha."

Mtu akacheka nyuma. Mrefu alikuwa kando yake. Mama Sindano alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Kazi nne za jana zilifungwa jikoni," alisema. "Aliyezifunga ni mimi. Mume wangu alikuwa amekaa ofisini kwako, hakuniagiza wala hakujua. Alitaka kuja kuwaambia ni yeye, msimsikilize. Na Bwana Gundi hana kosa. Gundi yake aliiweka sawa. Mimi ndiye niliyeinyima usiku wake."

Chapchap, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasimama wima.

Meneja alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Ulimwandika mbele za watu. Nikaona aibu. Basi, sina sababu nyingine."

Hilo Meneja hakulitegemea. Alitazama miwani yake, akaivaa tena. "Magodoro ya zahanati tutalipa sisi," alisema. "Lakini kifaa cha kampuni kilikaa jikoni, na jina la kiongozi likatumiwa. Siwezi kumwachia kikosi baada ya haya. Unanielewa?"

"Nakuelewa." Lile neno kiongozi, alilolivuta kila siku kwa wateja wake, lilikuwa limekwenda, na yeye ndiye aliyelipeleka. "Naomba kitu kimoja. Ya jana yaliandikwa pale ukutani, wote wakasoma. Na hili liandikwe hapo hapo."

"Haina haja, mama. Tumekusikia."

"Mlio hapa mmesikia. Walioko kazini hawajasikia, nao walisoma kuwa Gundi kaharibu."

Meneja akageukia mashine yake. Kwenye skrini kubwa maneno yakatokea, wote wakayasoma: kazi nne za jana zilifungwa kimakosa na mke wa Mrefu, amekuja mwenyewe kusema. Gundi hana kosa, arudi kazini leo. Kikosi cha Pili kitaongozwa na Chapchap.

Bwana Gundi aliushusha mfuko wake sakafuni. Alimwinamia Mama Sindano kichwa, na mwanamke huyo akaona ni zaidi ya alichostahili.

"Mrefu," Meneja aliita, "una la kusema?"

Kila aliyemfahamu Mrefu alijua kitakachofuata: macho yatashuka kwenye viatu. Hayakushuka.

"Tableti niliiacha mimi, ilinipasa kuirudisha," alisema. "Uongozi mpe umtakaye. Kijana ni mchapakazi, nitamfuata. Lakini mmesoma hapo ukutani, mke wa Mrefu." Akauweka mkono wake begani kwa mkewe, mbele ya kikosi kizima, yeye ambaye hata barabarani hakuwahi kumshika mkono. "Ni huyu. Amekuja kwa miguu yake kusema kosa lake, na hakuna aliyemkamata. Nani kati yetu amewahi kufanya hivyo humu ndani? Huyu ni wangu. Nilitaka mmjue."

Hakuna aliyecheka. Mama Sindano aliona banda lote likiyumba kwa machozi, akajikaza.

Walipoanza kupakia gari la kwenda zahanati, Chapchap alimfuata Mrefu, ameshika funguo. "Mzee, tunaanzia wapi pale?"

"Wewe ndiye kiongozi."

"Ndiyo maana nauliza."

Mrefu alimtazama kijana, akaona kwamba hamdhihaki. Akaanza kumweleza kuhusu kile kiungo, kwa mikono, huku wanatembea.

*

Wifi alikuwa amekaa kizingitini akimngojea. Habari zilikuwa zimeshamfikia; binti alikuwa amepigiwa simu na baba yake, akalia, na mtu akimlilia shangazi yake hafichi kitu.

"Nimesikia," alisema wifi. "Kaka si kiongozi tena."

"Si kiongozi."

"Na wewe wamekuandika."

"Wameniandika. Nimewaomba mwenyewe waniandike."

Wifi akatikisa kichwa. Kwa kweli alikuwa amejiandaa kufurahi kidogo, lakini alipomwona mwenziwe na gauni lile la bluu na macho mekundu, furaha ikagoma. "Pole, wifi yangu," alisema.

Mama Sindano alifungua mlango, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri juu ya cherehani. Alikuwa amechoka kama mtu aliyefua nguo za mtaa mzima, na chini ya uchovu ule kulikuwa na kitu kingine, kikubwa, ambacho njia nzima alikuwa anakibeba polepole kisimwagike.

"Pole ya nini?" alisema. "Juzi nilikuwa na mume kiongozi, na cheo kile alipewa na watu, wamekichukua. Leo nina mume niliyemharibia kazi kwa mkono wangu, akasimama mbele ya wote akanishika bega, akasema huyu ni wangu, mmjue. Cheo hicho nani atamvua? Pole hiyo rudi nayo, utampa mwenye msiba."

Wifi hakurudi nayo. Alivuta kiti, akakaa, akajifunga kanga vizuri.

"Hebu rudia hapo alipokushika bega," alisema.